Mwanangu anataka muvi mpya tu za sai-fai (hadithi za kubuni za kisayansi), mi natamani aanze na za zamani. Nimwanzishie wapi?

Baba_wa_Nyota

Habari zenu wakuu, natumaini wote wazima. Naombeni ushauri kwenye hili, najua humu kuna watu muvi hizi wameziangalia mpaka wamezikariri.

Nina kijana wangu wa miaka 13, ndo kwanza amekolea kwenye sai-fai. Alianza na Kingdom of the Planet of the Apes ya 2024, akaipenda kweli, akarudi nyuma mwenyewe akamaliza zile tatu za Caesar, yule sokwe kiongozi, ndani ya siku nne. Nikafurahi sana maana mi hizo ndo nimekua nazo. Marehemu baba yangu alikuwa na kanda ya Planet of the Apes ile ya 1968, na Terminator ya kwanza, na Star Wars tatu za mwanzo, tulikuwa tunaangalia naye mpaka picha ikawa chenga tupu na bado tunaangalia. Kwa hiyo nikamwambia mwanangu hii unayoangalia ni ribuuti, yaani hadithi ya zamani iliyoanzishwa upya, yenyewe ipo, njoo uione. Nikaweka ya 1968, nikaona mwanzo unavuta vuta, nikamrushia mbele mpaka pale sokwe wanapotokea. Akaangalia kama dakika kumi akasema baba hawa ni watu wamevaa vinyago, akainuka.

Kiukweli iliniuma, na sio kwa ajili ya muvi tu, mnanielewa. Tukabishana kidogo, mi nikasema ribuuti zote ni kunakili jasho la watu, yeye akasema za zamani mnazipenda kwa sababu mlikuwa watoto. Hilo neno nimekaa nalo wiki nzima.

Sasa je, nimlazimishe aanze na za zamani au nimwache na mpya mpaka azifikie mwenyewe? Na kama ni kuanza, nianze na ipi na kwa mpangilio gani, maana Star Wars peke yake kila mtu ana mpangilio wake. Na la mwisho, ni kweli anachosema, kwamba ni utoto tu? Jibuni kwa uwazi, sitakasirika.

MtazamajiMkongwe

Mkuu usiyumbe, upo sahihi kabisa, ribuuti zimetuharibia vitu vingi. Chukua RoboCop. Ile ya 1987 ya Paul Verhoeven ni habari ya mtu aliyeuawa akageuzwa mali ya kampuni, hata jina lake hana, anaanza kulitafuta kidogo kidogo, na ule ukatili unakuuma kwa sababu muvi ilitaka ukuume. 2014 wakairudia kwa daraja la PG-13 ili na watoto waingie, damu ikafutwa na hasira ikafutwa nayo, kilichobaki ni suti nyeusi. Total Recall ya 1990 utamu wake wote ni Mars, ya 2012 haiendi Mars kabisa!! Sasa umerudia nini hapo.

Alafu Terminator ndo usiseme. Baada ya ile ya pili ya 1991 wamejaribu mara nne, 2003, 2009, 2015 na 2019, kila mmoja anakuja na njia yake. Ile Dark Fate ya 2019 ikafuta zote tatu zilizoitangulia, tukasema sawa, James Cameron mwenyewe karudi kama prodyuza, Linda Hamilton karudi, hapa sasa. Dakika za mwanzo kabisa wanamuua John Connor. Mtoto ambaye muvi mbili nzima tumekaa roho juu apone, anauawa kama mtu anayepita njia. Mi mpaka leo siwezi kuirudia. Mlazimishe tu kijana, atakuja kukushukuru.

binti_sayari

Mkongwe nakuheshimu ila hapo umechota upande mmoja wa chungu. The Thing ya John Carpenter ya 1982, ambayo najua unaipenda maana umeisifia humu mara nyingi, ni hadithi iliyokuwa imeshatolewa muvi tangu 1951. The Fly ya Cronenberg ya 1986 ni marudio ya muvi ya 1958. Invasion of the Body Snatchers ya 1978 nayo ni marudio ya ile ya 1956 na zote mbili ni nzuri kwa namna mbili tofauti. Sasa hizi hatuziiti kunakili kwa nini? Kwa sababu tulizikuta zipo. Mtoto wa leo na yeye kaikuta Caesar ipo.

Na tukumbuke The Thing ilipotoka ilitukanwa vibaya na haikuuza, ilitoka siku moja na Blade Runner, 25 Juni 1982, wiki mbili tu baada ya E.T., zote mbili zikaanguka. Leo ndo hizo watu wanaapa nazo. Kwa hiyo hata sisi tuwe taratibu kuhukumu kitu kilichotoka juzi.

Mi kipimo changu ni kimoja, muvi mpya imekuja na swali lake yenyewe au imekuja na jina tu? Ya 1968 inauliza binadamu atajionaje akiwa yeye ndo mnyama kwenye kizimba. Rise of the Planet of the Apes ya 2011, ile ya kwanza ya Caesar, inageuza kamera, inakaa na mnyama tangu anazaliwa, mpaka anaposema lile neno lake la kwanza ukumbi mzima unanyamaza. Hayo ni maswali mawili tofauti, hakuna aliyemwibia mwenzake. RoboCop ya 2014 ilikuwa na nafasi ya kuuliza mambo ya droni na nani anavuta kifyatulio, mwanzo inaonesha dalili kabisa, alafu inaogopa. Hapo nakubaliana na wewe, tatizo lake ni woga, ingefanywa 1987 kwa woga uleule ingekuwa mbaya vilevile.

Baba_wa_Nyota kuhusu utoto: mi ya 1968 nimeiona nikiwa na miaka 27, hakuna mzazi wala kanda wala kumbukumbu yoyote, na mwisho wake ulinikalisha kimya mpaka maandishi yakaisha. Kwa hiyo mwambie sio utoto tu. Ila na wewe kubali kwamba kwako wewe kuna baba yako ndani ya hiyo muvi, na mwanao hawezi kumwona humo. Hiyo sio dharau yake.

Mlinda_Siri

Kosa lipo kwenye kurusha mbele ndugu yangu. Ule mwanzo ndo muvi yenyewe. Karibu nusu saa wanaanga watatu wanatembea jangwani, hakuna kitu, jua, mawe, wanabishana, kiongozi wao Taylor anawacheka wenzake, wewe unayeangalia unaanza kuamini kwamba hii sayari ni tupu kweli. Kiu ile ndo inakuandaa. Alafu linapigwa baragumu, watu wanakimbia ovyo kwenye mimea mirefu, unaona farasi, unaona bunduki, na ukija kuona aliyeko juu ya farasi ni sokwe huna hata nafasi ya kufikiria kinyago. Wewe umemkalisha mtoto moja kwa moja mbele ya kinyago, unategemea nini.

Na kitu kingine, FICHA KAVA. DVD nyingi sana za hiyo muvi wameweka mwisho wake hapo juu kwenye picha, sijawahi kuelewa nani aliruhusu. Usimwache aitafute mwenyewe mtandaoni, utaiweka wewe, ikiwa tayari imeshaanza.

Mpangilio mi huwa naupanga kwa kitu kimoja, siri ipi inatakiwa ilindwe. Star Wars fuata miaka ya kutoka, 1977, 1980, 1983, ndo uende 1999, 2002, 2005. Ukianza na Episode I, ile ya 1999, kwa sababu ni namba moja, basi lile neno Vader anamwambia Luke kwenye Empire ya 1980 mtoto atakuwa analijua muvi mbili kabla, litapita kama salamu. Kwenye Terminator aone ya 1984 kwanza ndo aone ya 1991, na trela ya hiyo ya pili asiione kabisa. Ile muvi imepangwa usijue yupi kati ya wale wawili amekuja kumuua mtoto na yupi kumlinda, mpaka wanapokutana kwenye korido, kila kitu Cameron alikipanga kwa ajili ya hiyo korido. Trela ya 1991 ikasema yote. Mwanao ana bahati ambayo wengi wetu hatukuipata, anaweza kuiona bila kujua.

Mama_Wawili

Mi niongelee umri maana naona mnamwaga majina tu. Miaka 13 jamani. RoboCop ya 1987 hapana, ile sehemu ya mwanzo wanavyomuua Murphy, yule anayegeuzwa RoboCop, hata mi mtu mzima nageuza uso. Alien ya 1979 mwache kidogo, na sio kwa sababu ya damu, ni ile hofu, inakaa mwilini siku kadhaa, wa kwangu mkubwa nilimruhusu akiwa na 15 na bado alilala na taa. Terminator ya kwanza ina mauaji mengi na ile sehemu ya mapenzi ya Kyle na Sarah, unajua mwenyewe kwenu mnaangaliaje vitu hivyo, kaa naye tu. Planet of the Apes ya 1968 yenyewe ilitoka na daraja la G (umri wowote) kule Marekani, hapo huna shida.

Na kulazimisha, tafadhali usilazimishe. Mtoto ukimlazimisha kitu ukipendacho anajifunza kukichukia pamoja na wewe.

Kapteni_Tulivu

Mi ni wa Star Trek kwa hiyo mtanisamehe, nitarefusha.

Kuna namna ya kuribuuti kwa adabu na naona ile ya 2009 ya J.J. Abrams waliipata. Hawakusema za zamani hazipo. Wakaleta meli kutoka wakati ujao, ikamuua baba yake Kirk siku ileile mtoto anazaliwa, historia ikachepuka kuanzia hapo, kwa hiyo yote tuliyoyaona tangu 1966 yapo palepale upande wa pili hayajaguswa, na Leonard Nimoy akaja kama Spock mzee, akakaa mbele ya Kirk kijana akamkabidhi kila kitu. Mi nililia pale, sioni aibu kusema.

Lakini ya pili yao, Into Darkness ya 2013, ndo ikanionesha upande mbaya wa huu mchezo. Miezi yote kabla haijatoka wakakataa kwamba adui ni Khan, yule adui wa muvi ya zamani, kumbe ndo Khan, alafu mwishoni wanairudia ile sehemu ya Wrath of Khan ya 1982, ile ya kwenye kioo, wamegeuza tu nani yuko upande upi. Ile ya 1982 inauma kwa sababu wale watu wawili, Kirk na Spock, tumeishi nao miaka 16, tumewaona wanazeeka. Hawa vijana wana muvi moja na nusu pamoja. Huwezi kukopa msiba. Mkongwe anaposema ribuuti zinatuharibia nadhani ndo kitu hiki anakisikia, mtu anachukua kilio kilichojengwa na wenzake anataka kukilia yeye.

Ushauri wangu, usianze naye Star Trek kwa kufuata mwaka, ile Motion Picture ya 1979 ni nzito na ya taratibu mno kwa umri wake. Mpe 2009, akiipenda mpe Wrath of Khan.

mwana_roketi

Nafuatilia huu uzi, na mi nina mdogo wangu hali hiyohiyo.

FundiTaa

Mi kazi yangu ni kuhariri video kwa hiyo hilo la vinyago limenigusa, naomba niingie hapo.

Mwanao hajakosea, ni vinyago kweli. Ila mwambie vilitengenezwaje. John Chambers alitengeneza vipande vya mpira vya usoni ili mwigizaji aweze kuusogeza uso wake ukiwa chini yake, mdomo, mashavu, na akapewa Oscar ya heshima wakati tuzo ya kudumu ya mekapu hata haipo. Macho unayoyaona pale ni macho ya mtu. Ukija kwa Andy Serkis, aliyemcheza Caesar kwenye zile mpya, alivaa nguo ya vitambuzi, na kamera ndogo mbele ya uso, mwendo wote na uso wote ni wake alafu mafundi wa kompyuta wakamvalisha sokwe. Kwa hiyo kazi ni ileile, mtu anaigiza chini ya ngozi isiyo yake. Mwoneshe video za nyuma ya pazia za zote mbili, watoto wa siku hizi wanapenda sana kujua kitu kimetengenezwaje, mara nyingi wanaingilia mlango huo.

Na kitu ambacho nashangaa hakuna aliyekisema mpaka sasa: CAESAR SIO WA 2011. Caesar yupo kwenye Conquest of the Planet of the Apes ya 1972, ndo anaongoza uasi wa sokwe, anachezwa na Roddy McDowall ambaye ile ya 1968 alicheza sokwe mwingine, Cornelius. Yaani yule shujaa wa mwanao ana miaka zaidi ya 50. Rise imechukua wazo lake hukohuko. Mpe hiyo habari tu alafu nyamaza, usimwambie njoo tuangalie.

Na ukiweza mwoneshe kwamba walioitengeneza Rise waliipenda ya zamani. Yule mlinzi mkatili wa sokwe kwenye Rise anaitwa Dodge Landon, na Dodge na Landon ni majina ya wale wenzake Taylor. Orangutani Maurice kapewa jina la Maurice Evans, aliyecheza orangutani Dr. Zaius kwenye ile ya 1968. Yapo na mengine, ila hayo ayatafute mwenyewe.

MtazamajiMkongwe

Binti nimekusoma mara mbili. The Thing kweli sikuwahi kuihesabu kama marudio, nakubali. Na Mad Max: Fury Road naikubali pia, ila ile aliifanya George Miller mwenyewe, mtu aliyeanzisha Mad Max 1979 anarudi 2015 na wazo jipya, Max kamkabidhi usukani Furiosa, sita za Oscar. Nikiongeza na Prey ya 2022, Predator mmoja, binti wa Comanche, mwaka 1719, basi. Wameacha mambo ya kupanua hadithi wakarudi kwenye windo. Sawa, sio zote. Ila Total Recall sirudishi neno.

binti_sayari

Total Recall hata mi siitetei mkuu, hapo tuko pamoja.

Baba_wa_Nyota

Wakuu nimesoma yote, asanteni sana kwa kweli. Binti, lile la baba yangu kuwa ndani ya muvi lilinifanya nisimamishe kusoma kwa muda. Nilikuwa namkasirikia mtoto kwa kutomwona mtu ambaye hakuwahi kumjua. Nimemwomba radhi kwa yale mabishano.

Nimefanya alichosema FundiTaa, nikamwambia tu wakati tunapita, hivi unajua Caesar alikuwepo tangu 1972? Sikuongeza neno. Ntaleta mrejesho.

Baba_wa_Nyota

MREJESHO.

Siku mbili akakaa kimya. Ya tatu akaniuliza mwenyewe, huyo Caesar wa zamani mwisho wake ni sawa na huyu? Nikamwambia sijui, hiyo ya 1972 sijaiona. Na ni kweli wakuu, nyumbani tulikuwa na kanda ile moja tu, zilizofuata nimezisikia tu. Akashangaa kwamba kuna kitu sijakiona. Akasema basi tuanze ya kwanza, lakini usirushe.

Tukaanza juzi usiku. Kule jangwani alikuwa anajigeuza geuza kwenye kochi, nikauma meno nikanyamaza. Alivyosikia baragumu akakaa wima. Hakuna aliyetaja vinyago mpaka pale katikati yule sokwe daktari Zira anapomwita Taylor Bright Eyes, hapo akasema baba simamisha, hilo ni jina la mama yake Caesar kwenye Rise! Mi muvi hiyo nimeiangalia naye mwanzo mpaka mwisho na sikuwahi kulishika hilo, wala FundiTaa hukulitaja. Tukaendelea. Mwisho wake sitauandika hapa kwa heshima ya ambao hawajauona, ila kava nilikuwa nimelificha na siri ilikuwa nzima. Alisema "aah" moja ya chini chini alafu akatulia, na ile muvi inaishia bila muziki wowote, ni mawimbi tu, tukakaa tunasikiliza mawimbi mpaka yakaisha.

Nilidhani ataenda kulala. Akawasha Rise, akawa anarusha mbele anatafuta kitu, akasimamisha kwenye gazeti, lile linalouliza kama chombo kimepotea angani. Akasema hawa ndo wao, si ndo wao? Nikamwambia nadhani ndo wao. Saa sita usiku tupo na kioo kimesimama kwenye gazeti.

Sasa tumepanga tuzifuate zote kwa miaka, 1970, 1971, ndo tufike kwa Caesar wa 1972. Ameniuliza kama babu aliwahi kuiona hiyo. Nikamwambia sijui mwanangu, hakuwahi kuitaja, kwa hiyo tutaiona mimi na wewe kwanza.